Shajara ya mkao: kujifunza upya kushika gitaa, Januari hadi Pasaka

Jumamosi, 11 Januari 2025

Siku ya Krismasi tulikuwa na ibada mbili asubuhi moja. Katikati ya ile ya pili, dole gumba la mkono wangu wa kushoto lilikufa ganzi, kikafuata kidole cha shahada, kisha cha kati. Niliendelea kupiga kwa sababu kwaya ilikuwa imeshaingia kwenye kiitikio, lakini kila tulipofika kodi ya F (kodi ni sauti kadhaa za gitaa zinazopigwa kwa pamoja) nilisikia nyuzi mbili tu zikilia, nyingine zinakoroma. Usiku ule niliamka mara tatu kuukung'uta mkono.

Napiga rizimu katika kwaya ya vijana ya usharika wetu hapa Morogoro, mwaka wa saba sasa. Gitaa langu ni kavu, linachomekwa kwenye spika, na ninapolipiga naimba pia sauti ya pili. Nilifundishwa C, F na G, nikaonyeshwa mkono wa kulia unavyopanda na kushuka, basi. Jinsi ya kulishika gitaa lenyewe hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, nikidhani ni jambo la kila mtu na mwili wake.

Kwa hiyo mradi ni huu. Kuanzia leo hadi Pasaka, tarehe 20 Aprili, nijifunze upya kushika gitaa nikiwa nimekaa na nikiwa nimesimama, mpaka nimalize ibada yenye urefu wa saa tatu bila ganzi. Nitaandika kilichofaa na kisichofaa, kwa sababu masomo ya kodi za gitaa yamejaa kila mahali na ya mkao ni ya kutafuta kwa tochi.

Vipimo vya kuanzia. Mimi nina urefu wa sentimita 156. Gitaa ni la lile umbo kubwa la kawaida madukani, linaloitwa dreadnought: upana wa tumbo sehemu ya chini sentimita 40, unene 12. Umbo hilo lilitoka kwa mafundi wa Martin huko Marekani mwaka 1916, nalo limepewa jina la manowari ya Uingereza iliyoshushwa majini mwaka 1906. Jina la manowari halikuja bure. Unene wa sentimita 12 maana yake mkono wangu wa kulia lazima uzunguke mbali kabla haujafika kwenye nyuzi, na nikijitazama kwenye kioo naona bega la kulia limepanda juu kuliko la kushoto hata nikiwa sina gitaa.

Jumanne, 14 Januari

Leo nimeegemeza simu kwenye chupa ya chai, upande wangu wa kushoto, nikajirekodi dakika kumi nikiwa nimekaa kama tunavyokaa siku zote mazoezini, yaani kwenye kiti cha plastiki chenye mikono.

Nimeitazama video mara nne. Mkono wa kulia wa kiti unalisukuma gitaa mbele, kwa hiyo mgongo wa gitaa haunigusi kifuani. Mkono wa kushoto wa kiti unakizuia kiwiko changu kila ninaporudi freti ya kwanza (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), kwa hiyo nakinyanyua kiwiko, na bega linapanda nacho. Kalio la kiti limelala kwa nyuma na mgongo wangu unafuata huko huko. Halafu, ili nivione vidole, naulaza uso wa gitaa uangalie juu na kuliinamia. Hapo ndipo penye balaa: uso wa gitaa ukiangalia juu, shingo yake inasogea mbali, na kifundo cha mkono wa kushoto kinajikunja kama mpini wa mwavuli ili vidole vizifikie nyuzi nene.

Miaka saba nimekuwa nikikitazama kiganja, na tatizo lilikuwa linaanzia kwenye kalio la kiti.

Jumapili, 19 Januari

Ibada moja tu. Ganzi ilikuja kwenye wimbo wa tatu. Sikubadilisha chochote, nilitaka tu kujua inaanza lini.

Jumamosi, 25 Januari

Siku ya leo naiandika kwa kirefu.

Jirani yetu mmoja ni mzee aliyepiga rizimu kwenye bendi za dansi miaka ya sabini, enzi ambazo ukiutaja mji huu watu walikujibu Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe. Sasa hivi hapigi, ila masikio yake hayajazeeka. Alinisikia barazani nikihangaika na F, akaja na mkongojo wake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Endelea, endelea kupiga."

Nikapiga. Akasikiliza kidogo, akasema: "Mwanangu, hebu achia."

"Niachie nini, babu?"

"Mkono wa kushoto. Uondoe kabisa, uweke gotini."

Nikauondoa. Shingo ya gitaa ikaanguka, kichwa kikagonga meza ya chai. Mzee hakucheka. Aliashiria tu kwa mkongojo pale kichwa kilipotua. "Umeona? Huo mkono haupigi, unabeba. Umeupa kazi mbili, na ya kubeba ndiyo nzito. Sisi tulikuwa tunaanza saa tatu usiku, tunashuka jukwaani majogoo. Ukibeba gitaa kwa kiganja, saa sita haikukuti."

Kisha akanikalisha kwenye stuli ya jikoni, isiyo na mikono wala mgongo, ukingoni kabisa mwa kalio. Gitaa likawekwa paja la kulia, lile bonde la kiunoni mwake likalalia paja. Akanivuta mabega nikae wima, akausogeza mgongo wa gitaa mpaka ukanigusa kifuani. Mwisho akauchukua mkono wangu wa kulia, akaulegeza kwa kuutikisa kama mtu anayekung'uta nguo, akauacha uanguke wenyewe juu ya ukingo wa gitaa, mbele kidogo ya kiwiko. "Sasa achia tena."

Shingo ilibaki pale pale.

Nimekaa nikilifikiria jambo hili jioni nzima. Gitaa juu ya paja ni mizani ya sokoni. Paja ndilo katikati. Upande mmoja kuna shingo na kichwa chenye vigingi sita vya chuma, upande wa pili kuna tumbo. Uzito wa mkono wa kulia ukiangukia upande wa tumbo, shingo inainuka yenyewe. Mimi nilikuwa nimeunyanyua mkono wa kulia hewani, bega limekakamaa, halafu nikauita wa kushoto uje ubebe kilichoachwa. Kumbe mkono wa kulia uliolegea ndio unaoupa wa kushoto uhuru wake.

Kuanzia leo kipimo changu ni hicho, nakiita jaribio la kuachia. Kabla ya kila wimbo naondoa mkono wa kushoto nahesabu hadi tano. Shingo ikishuka, sianzi.

Alhamisi, 30 Januari

Nilikwenda kumwona mtaalamu wa tiba ya viungo. Huko nyuma, mahali pengine, niliwahi kuambiwa niache gitaa, nikatoka pale na machozi. Huyu dada hakusema hivyo. Aliniomba nije na gitaa, akanitazama nikipiga, akachora mkono kwenye karatasi.

Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba kama handaki: sakafu na kuta zake ni mifupa, paa lake ni utando mgumu. Ndani ya handaki hilo zinapita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu unaohudumia dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile kinachofuata. Kifundo kikinyooka, vyote vinapita salama. Kikikunjwa sana, mbano ndani ya handaki unapanda na mshipa ndio unaoumia. Vidole vyangu vilivyokufa ganzi ni hivyo hivyo alivyovitaja. Kidole cha mwisho hakijawahi kunisumbua.

Amenipa mambo matatu. Kifundo kibaki karibu na mnyoofu. Nisipige zaidi ya dakika 20 bila kuweka gitaa chini. Na usiku nisilale nimeukunja mkono chini ya shavu, jambo ambalo nalifanya tangu utotoni. Akaongeza kwamba ganzi ikianza kukaa hata mchana nisipopiga, nirudi haraka, nisijitibu kwa kusugua mafuta.

Jumapili, 2 Februari

Stuli. Ya jikoni ina urefu wa sentimita 45, na kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti langu ni 40. Nikikaa, visigino vinaning'inia, mapaja yanaelekea chini, na gitaa linateleza kwenda magotini kama mtoto anayetaka kushuka. Fundi seremala amekata sentimita 5 kwenye kila mguu wa stuli. Sasa mapaja yamelala sambamba na sakafu na gitaa halitembei.

Nimeijaribu pia sakafu yenyewe, kwenye mkeka, miguu imekunjwa. Haifai. Paja linakuwa juu mno upande mmoja na mgongo unapinda dakika ya pili.

Jumamosi, 8 Februari

Wiki nzima nimekuwa nikijaribu miguu.

Wapiga gitaa wa klasiki hukaa tofauti na sisi. Gitaa wanaliweka paja la kushoto, mguu wa kushoto ukiwa juu ya kigoda kidogo, na shingo inapanda mpaka kichwa cha gitaa kinakaribia usawa wa macho. Anayetajwa zaidi kwa kuueneza mkao huo ni Mhispania Francisco Tárrega, aliyezaliwa mwaka 1852 na kufariki 1909. Alipiga magitaa ya fundi Antonio de Torres, ambaye alikuwa amelifanya tumbo la gitaa kuwa kubwa kuliko yaliyotangulia, kwa hiyo kulikuwa na kitu cha kuegemeza. Sina kigoda cha aina hiyo, nimetumia tofali. Likilala lina unene wa inchi 6, kama sentimita 15, na linatosha kabisa. Kreti la soda lilikuwa refu mno, goti lilinifika kifuani.

Mkono wa kushoto uliupenda mkao huu kuliko yote. Shingo ikiwa imepanda, kiwiko kinaning'inia chini kwa uzito wake, kifundo kinanyooka bila kukilazimisha, na F ya kulaza kidole juu ya nyuzi zote sita ikalia safi mara ya kwanza. Niliipiga tena na tena kwa furaha.

Lakini mkao huu unataka magoti yaachane, na sare yetu ya kwaya ni sketi nyembamba inayofika chini ya goti. Wanaume wanaofundisha mkao hawalitaji jambo hili hata siku moja, na wasichana wengi nawaona wanaliacha gitaa kwa sababu ndogo kama hizi, wakidhani vidole vyao ndivyo vina kasoro. Kwa hiyo nalisema wazi: sketi ni sehemu ya mkao. Ukifanya mazoezi umevaa suruali halafu Jumapili ukavaa sketi, umejifunza mkao usiokuwepo.

Njia ya pili niliyoijaribu ni kupandisha mguu wa kulia juu ya wa kushoto, gitaa likae paja la juu. Paco de Lucía, bingwa wa flamenco, muziki wa gitaa wa Hispania, alijulikana kwa kukaa hivyo jukwaani. Sketi haikatai, gitaa linapanda vizuri. Kwangu mimi, dakika ya kumi na tano mguu wa chini unaanza kuwaka na nyonga moja inaumia. Kwa wimbo mmoja sawa, kwa ibada hapana.

Nimebaki na hii: paja la kulia, magoti karibu karibu, unyayo wa kulia juu ya kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 6. Na mkanda begani hata nikiwa nimekaa. Hili la mkanda nitalieleza likishakamilika.

Jumatano, 12 Februari

Mambo mawili madogo yaliyonisaidia kuliko nilivyotegemea.

La kwanza ni vidoti. Gitaa langu lina alama usoni mwa shingo lakini pembeni, upande unaonitazama, hakuna kitu. Ndiyo maana nilikuwa nalilaza kulichungulia. Nimechukua rangi nyeupe ya kucha, nikatumbukiza ncha ya njiti ya kiberiti, nikaweka doti moja moja pembeni mwa freti ya 3, 5, 7 na 9, na mbili kwenye ya 12. Sasa nikishusha macho tu naziona. Uso wa gitaa unabaki wima, na shingo yangu mimi haipindi. Hata kuimba kumebadilika, pumzi inafika mwisho wa mstari, maana nilikuwa naimba nimejikunja tumboni.

La pili ni pembe. Nilidhani gitaa linapaswa kulala sambamba na kifua. Nimelizungusha kidogo, shingo ikaelekea mbele badala ya kushoto kabisa, na upande mpana wa tumbo ukaingia kwenye nyonga ya kulia. Bega la kulia limeshuka siku hiyo hiyo, kwa sababu mkono hauzunguki tena unene wote wa gitaa. Kwa mwanamke hili lina faida nyingine: ukingo wa gitaa haumbani kifuani.

Jumamosi, 15 Februari

Alama nyekundu kwenye mkono wa kulia, pale ukingo wa gitaa unapokandamiza. Ukingo wa magitaa haya ni mkali kama wa meza. Gitaa la umeme la Stratocaster lilipotoka mwaka 1954 lilikuwa limechongwa pale pale, mkono ulale kwenye mteremko, na nyuma likachongwa kwa ajili ya mbavu. Langu siwezi kulichonga. Nimekata sehemu ya juu ya soksi ya mpira ya mdogo wangu, naivaa mkononi kama kikuku kipana. Inazuia pia jasho lisiloweshe mbao.

Jumapili, 23 Februari

Nimekaa ibada nzima. Hakuna ganzi. Namshukuru Mungu.

Lakini Pasaka tunasimama.

Jumamosi, 1 Machi

Kusimama. Nimeanza kwa kupima, maana nina hisia kwamba nikisimama najifunza gitaa jingine. Kutoka ncha ya kidevu hadi katikati ya tundu la sauti: nikiwa nimekaa ni sentimita 35, nikisimama na mkanda kama nilivyozoea kuufunga ni 48. Tofauti ni sentimita 13! Mazoezi yote ya wiki nafanya nimekaa, gitaa likiwa kifuani, halafu Jumapili nalipeleka kwenye kiuno na kushangaa F imekwenda wapi. Gitaa likishuka hivyo, mkono wa kushoto unanyooka kulifuata na kifundo kinakunjika kuzifikia nyuzi. Inapendeza kwenye picha, nakubali. Kifundo ndicho kinacholipa.

Suluhisho ni la kufanya nikiwa nimekaa. Nimekaa kwenye stuli katika mkao wangu mzuri, nikavaa mkanda, nikaukaza mpaka ukaanza tu kubeba. Nikasimama. Gitaa halikusogea hata unene wa kidole. Nikachora mstari wa kalamu ya wino kwenye mkanda mahali pale ili mtu akiuchezea niurudishe.

Shida sasa ni namna mkanda ulivyofungwa. Gitaa langu lina kitufe kimoja tu cha kufungia mkanda, kule mkiani. Upande wa pili mkanda unafungwa kwa kamba ya kiatu kwenye kichwa cha gitaa, chini ya nyuzi. Kwa hiyo mkanda unapita mbele ya mkono wangu wa kushoto, na nikisogea tu unaisukuma shingo nyuma.

Jumamosi, 8 Machi

Leo tumetoboa gitaa. Sikulala vizuri kwa kuwaza jambo hili.

Nilikwenda kwa fundi yule yule wa stuli. Kitufe cha pili kinakaa kwenye kisigino cha gitaa, pale shingo inapoungana na tumbo. Tulijadiliana mahali pa kukiweka. Ukikiweka mgongoni mwa kisigino, gitaa linainama mbele na uso unatazama sakafu. Tumechagua ubavu wa kisigino, ule unaoelekea chini unapopiga, palipo na mbao nene. Kabla ya hapo tulichungulia ndani ya tundu la sauti kwa kioo na tochi ya simu, kuhakikisha hakuna bolti inayopita hapo.

Fundi alishika keekee, akaniangalia. "Dada, hapa nikikosea inapasuka."

"Najua, fundi. Toboa."

Alifunga utepe wa karatasi kwenye sindano ya keekee kuweka alama ya kina, ili asipitilize. Tundu lilikuwa jembamba kuliko skrubu. Halafu akachukua kipande cha sabuni ya mche, akaisugua skrubu kwenye sabuni mpaka meno yake yakajaa weupe, akaiingiza kwa mkono, bila mashine, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Mbao ngumu ikibanwa na skrubu kavu hupasuka, sabuni inaifanya iteleze. Chini ya kitufe akaweka kijiduara cha ngozi. Ilichukua dakika ishirini, na muda wote nilikuwa nimeshikilia kichwa cha gitaa kama mtu anayemshikilia mtoto sindano.

Niliporudi nyumbani nilivaa mkanda, nikasimama, nikaachia mikono yote miwili. Gitaa likatulia.

Jumapili, 9 Machi

Halikutulia kanisani. Sare yetu ni ya satini, mkanda ni wa nailoni. Vitu viwili laini. Kichwa cha gitaa kilianza kushuka polepole wimbo wa kwanza, na mkono wa kushoto ukarudi kwenye tabia yake ya kubeba kabla hata sijajua.

Jumanne, 11 Machi

Nimekata mguu wa suruali kuukuu ya jinzi, kipande cha upana wa mkanda na urefu wa shubiri mbili, nikakishona chini ya mkanda pale unapokaa begani. Jinzi inang'ang'ania satini. Pia nimekata viduara viwili kutoka kwenye mpira wa tyubu ya baiskeli, nikatoboa kijitundu katikati, nikavivika juu ya vitufe baada ya kuvisha mkanda, ili mkanda usichomoke. Mwaka jana gitaa la besi la kwaya lilichomoka hivyo na kuanguka kwenye sakafu ya saruji. Kichwa kilipata ufa. Sitaki kuusikia tena ule mlio.

Jumamosi, 22 Machi

Mazoezi ya kusimama, saa moja na nusu, na mapumziko kila dakika 20.

Miguu. Nilikuwa nasimama na uzito wote mguu wa kulia, nyonga imetoka. Nikisimama kwa miguu yote miwili, magoti hayajakazwa, gitaa linajiweka lenyewe. Kwaya inapocheza naruhusu nyonga zicheze na mabega yatulie.

Dole gumba. Liko nyuma ya shingo, karibu na usawa wa kidole cha kati, na halibonyezi. Nimejaribu kupiga F bila dole gumba kabisa, nikivuta kidogo tu kwa mkono wa kulia uliolegea juu ya ukingo ili gitaa lirudi kwenye kidole. Inalia. Haidumu kwa wimbo mzima, lakini imenionyesha ni nguvu kiasi gani nilikuwa naitupa bure.

Jumapili, 13 Aprili, Matawi

Maandamano, tukitembea na kupiga. Mkanda umefanya kazi yake. Mchango mpya wa hali ya hewa: mvua, na jasho chini ya jinzi. Bega limepata wekundu. Nimeupanua mkanda kwa kitambaa kipana zaidi.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Tulianza alfajiri, giza bado, tukamaliza jua likiwa limeshapanda juu ya Uluguru. Nilisimama nyimbo zote isipokuwa mbili. Kabla ya kila wimbo niliachia, nikahesabu hadi tano. Mara moja shingo ilishuka, nikaurekebisha mkanda wakati mchungaji anasoma, ndipo nikaanza.

Vidole vyote kumi viliwasili nyumbani vikiwa hai. Kwenye wimbo wa mwisho nilisikia nyuzi sita za F, zote, juu ya sauti za wenzangu, na nililia kidogo huku napiga.

Mzee alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka mbele. Tulipotoka aliniuliza jambo moja tu: "Mkono unauma?"

"Hapana, babu."

"Haya."

Jumamosi, 26 Aprili

Kitufe cha kisigino kimelegea robo mzunguko. Nimekikaza kwa mkono. Nitakikagua kila mwezi.

Binti mmoja wa shule ya Jumapili, miaka kumi na moja, ameomba nimfundishe. Amekuja na gitaa la kaka yake, kubwa kama langu, na yeye ni mdogo kuliko mimi kwa kichwa kizima. Sikumpa kodi yoyote leo. Nimempima goti: sentimita 34. Stuli yangu ni ndefu kwake, kwa hiyo tumeweka tofali chini ya miguu yote miwili na ubao juu ya tofali upande wa kulia. Gitaa likapanda mpaka kidevuni, bega la kulia likapanda nalo. Tukaondoa ubao, tukalizungusha gitaa kidogo mbele, mkono wake ukafika kwenye nyuzi bila kujinyoosha. Nikamwambia aachie. Shingo ikashuka. Tukasogeza mkono wa kulia nyuma kidogo, akaachia tena, ikashuka nusu. Mara ya nne ilibaki, akanitazama kwa macho makubwa, mikono yote miwili hewani.

Mkanda wake nimeukaza mpaka tundu la mwisho na bado ni mrefu. Jumanne nitakwenda na bisibisi ya kutobolea la ziada, kisha tumsimamishe tupime kutoka kidevuni.